Nchi Jirani: Mzee, Mshahara na Bima ya Matibabu nchini Kenya

Askari anapovua sare kwa mara ya mwisho hukabidhi vitu vingi ghalani. Hukabidhi buti, mkanda, kofia, blanketi, na silaha iliyoandikwa kwa jina lake. Kila kitu huhesabiwa na kutiwa sahihi. Lakini kipo kitu kimoja ambacho aghalabu huondoka siku hiyo hiyo bila ya mtu yeyote kukiandika daftarini, nacho ni haki ya kutibiwa kwa gharama ya mwajiri. Kijana hakioni kitu hicho kikiondoka, kwa kuwa kijana haumwi mara kwa mara. Mzee hukiona siku ya kwanza anapofika dirisha la malipo hospitalini na kuulizwa: kadi yako iko wapi?

Katika mazungumzo ya leo tutaitazama nchi jirani ya Kenya, ambako serikali imekuwa ikilishughulikia suala la bima ya matibabu tangu mwaka 1966. Katika muda huo sheria imebadilishwa mara nyingi, viwango vya michango vimepandishwa, na mwaka 2024 mfuko wa zamani ulivunjwa, mpya ukachukua mahali pake. Mwenye kuzisoma habari hizo juu juu huona majina na vifupisho tu. Lakini ukizifuata kwa swali moja, huanza kueleweka. Swali lenyewe ni hili: siku mshahara unapokwisha, nani analipa?

Kwanza yafaa tuelewane maana ya bima. Bima si sadaka ambayo tajiri humpa maskini, na wala si akiba ambayo mtu hujiwekea mwenyewe akaja kuichukua. Bima ni mapatano ya watu wengi, ambao wote huchanga kidogo kidogo wakiwa wazima ili yule mmoja atakayeugua alipiwe na wenzake. Wakenya walikuwa na mapatano ya namna hiyo kabla ya sheria yoyote ya serikali, wakayaita harambee. Mzee akilazwa, ndugu na majirani huitana na kuchangishana. Tofauti ni kwamba harambee huja baada ya ugonjwa, na hutegemea idadi ya marafiki alio nao mgonjwa. Mzee aliyeishi zaidi ya rafiki zake wote hana wa kumwitia harambee.

Wakati wa ukoloni hospitali za Kenya zilitengwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na zao, Waasia zao, na Waafrika zao. Hospitali kuu ya Nairobi, ambayo leo inaitwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji, na mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mzee wa Kiafrika wa zama hizo hakufikiriwa na bima yoyote ya serikali. Ukoo wake ndio uliokuwa bima yake, na ikiwa watoto wake walikuwa wamechukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, hata bima hiyo ilipungua nguvu.

Kenya ilipata uhuru mwezi Desemba 1963. Mwaka 1965 serikali mpya iliifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za serikali. Mwaka uliofuata, yaani 1966, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, uliojulikana kwa kifupi chake cha NHIF. Mfuko huo uliwekwa chini ya Wizara ya Afya. Wenye kulazimishwa kujiunga walikuwa waajiriwa waliopata mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, na mchango wao ulikuwa shilingi 20 kwa mwezi, ukikatwa moja kwa moja kwenye mshahara.

Tuyaangalie kwa makini mambo mawili katika msingi huo, kwa sababu ndiyo yaliyotawala miaka iliyofuata. Jambo la kwanza ni jina lenyewe: bima ya hospitali. Mfuko ulilipia kitanda cha mgonjwa aliyelazwa. Haukulipia dawa za mtu anayetibiwa na kurudi nyumbani. Jambo la pili ni njia ya kukusanya fedha, nayo ilikuwa mshahara. Mwenye mshahara alionekana na mfuko. Asiye na mshahara, yaani mkulima, mfugaji, mvuvi na mzee, hakuonekana.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue konstebo mmoja wa polisi wa Kenya. Huyu ni mfano tu wala hatumtaji mtu yeyote. Tuseme aliajiriwa mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 20. Mshahara wake wa kwanza haukufikia shilingi 1,000, hivyo sheria haikumlazimisha kujiunga. Lakini mwaka huo huo wa 1972 sheria ilirekebishwa, na mfuko ukafungua mlango wa hiari, ili hata asiyekatwa mshahara aweze kwenda mwenyewe kulipa. Konstebo wetu hakuuingia mlango huo. Alikuwa kijana mwenye afya, na katika umri wa miaka 20 ni nani afikiriaye goti lake la miaka 70?

Mlango wa hiari una udhaifu ambao yafaa uelezwe bila kuficha. Watu wazima wa afya hawauingii, kwa kuwa hawaoni haja. Wanaouingia mbio ni wale ambao tayari ni wagonjwa. Basi mfuko hujikuta ukiwalipia wagonjwa wengi kwa michango ya wazima wachache, na hulazimika ama kupandisha kiwango ama kupunguza huduma. Mzee anayejiunga akiwa tayari na shinikizo la damu si mdanganyifu. Anafanya lile aliloruhusiwa na sheria. Lakini mfuko uliojengwa kwa hiari peke yake hauwezi kumbeba.

Konstebo wetu alipanda cheo, na mshahara wake ukapanda pia, hata akawa miongoni mwa wanaokatwa. Wakati huo hali ya uchumi ilibadilika. Tarehe 1 Desemba 1989 serikali ya Kenya ilianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake, na wagonjwa wakaanza kulipa tena. Utaratibu huo uliwahi kusimamishwa kwa muda mwaka 1990, kisha ukarudishwa. Mwaka huo huo wa 1990 michango ya NHIF iliwekwa kwa ngazi kulingana na mshahara, kuanzia shilingi 30 hadi 320 kwa mwezi. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria mpya iliyoutoa mfuko katika Wizara na kuufanya shirika la umma lenye bodi yake. Mfuko ulipata nguvu zaidi, lakini msingi wake ulibaki ule ule wa mwaka 1966: mshahara na kitanda.

Mwaka 2004 lilitokea jambo ambalo Wakenya wengi wamelisahau. Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alipeleka Bungeni muswada wa bima ya afya ya jamii ambao ungemwingiza kila mkazi wa Kenya katika mfuko mmoja, wasiojiweza wakilipiwa na serikali. Bunge lilipitisha muswada huo. Lakini ulipofika kwa Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, na hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa gharama. Hivyo mzee asiye na mshahara, ambaye alikuwa karibu kuingia mlangoni, alibaki nje kwa karibu miaka 20 zaidi.

Konstebo wetu, ambaye sasa alikuwa sajini, alistaafu mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 55, kwa kuwa ule ndio uliokuwa umri wa kustaafu. Haukupandishwa hadi miaka 60 mpaka mwaka 2009. Alipewa kiinua mgongo chake na pensheni ikaanza. Lakini makato ya NHIF yalikoma pamoja na mshahara. Kwa miaka mingi alikuwa amechangia matibabu ya wengine, naye akiwa mzima. Sasa alipofika umri wa kuugua, hakuna aliyemkata tena, na kwa hiyo hakuwa na bima, isipokuwa aende mwenyewe kwenye mlango ule wa hiari ambao aliupita mwaka 1972. Kiwango cha hiari kilikuwa shilingi 160 kwa mwezi. Si fedha nyingi kwa mwenye pensheni. Lakini ilimpasa ajue, akumbuke na asikose mwezi, kwani aliyechelewa alitozwa faini. Wastaafu wengi hawakuanguka kwa kukosa fedha. Walianguka kwa kutoambiwa.

Mwaka 2010 Kenya ilipata katiba mpya. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na ibara ya 57 inasema kwamba wazee wanastahili kupata matunzo na msaada wa kutosha kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Mzee, kwa mujibu wa katiba hiyo, ni mtu aliyetimiza umri wa miaka 60. Tangu hapo matibabu ya mzee hayakuwa tena fadhila bali haki iliyoandikwa, ingawa haki iliyoandikwa bado yahitaji mtu wa kuilipia.

Mabadiliko mawili yaliyofuata yaligusa watumishi. Mwezi Januari 2012 NHIF ilianza mpango maalumu kwa watumishi wa serikali pamoja na vikosi vya ulinzi wa raia, uliolipia hata matibabu ya wasiolazwa. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa aliye kazini. Anayestaafu aliuacha nyuma. Mwaka 2015 wanachama wengine wote nao walifunguliwa matibabu ya wasiolazwa, lakini michango ikapanda. Waajiriwa walikatwa kuanzia shilingi 150 hadi 1,700 kulingana na mshahara, na kiwango cha hiari kikaruka kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Sajini wetu mstaafu, sasa mwenye miaka 63, alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka. Kwa mzee mkulima asiye na pensheni, hizo zilikuwa gharama za mbegu na mbolea.

Kwa wazee hao wasio na pensheni serikali ilikuwa imeanza njia nyingine. Toka miaka ya 2006 na 2007 ulikuwapo mpango wa kuzipatia fedha taslimu kaya maskini zenye wazee. Mwaka 2018 mpango huo, chini ya jina la Inua Jamii, ulipanuliwa kwa wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi, na serikali ilitangaza kwamba wazee hao wangeingizwa pia katika bima ya NHIF kwa gharama yake. Hapo kwa mara ya kwanza serikali ilimwona mzee kama mzee, bila kuuliza hati yake ya mshahara. Hata hivyo mpango haukuwahusu wanaopokea pensheni ya serikali. Sajini wetu alipotimiza miaka 70 mwaka 2022 alibaki katikati: pensheni yake ilimzuia kuhesabiwa maskini, nayo haikutosha kumfanya awe tajiri.

Mwezi Desemba 2018 serikali ilifanya jaribio katika kaunti nne, yaani Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo, kwa kufuta malipo ya wagonjwa katika hospitali za umma. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, ambayo ni magonjwa ya watu wazima na wazee. Jaribio hilo halikuendelea kwa sura ile. Lakini liliwaonyesha viongozi ukweli mmoja wa maana: ugonjwa wa mzee si wa kitanda, ni wa kidonge cha kila siku. Mzee anayepata kidonge chake cha shinikizo la damu karibu na nyumbani, kila mwezi bila kukosa, huenda asihitaji kitanda kabisa. Mfuko uliojengwa mwaka 1966 kwa ajili ya kitanda ulikuwa umemsubiri mzee mahali pasipo pake.

Sasa tufike kwenye sheria inayotumika. Mwezi Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Sheria hiyo iliivunja NHIF na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wananchi huiita SHA. Mahakama Kuu iliisimamisha, na mwezi Julai 2024 ikatamka kwamba ilikiuka katiba. Mahakama ya Rufani ikaruhusu kazi iendelee wakati rufani ikisubiri. Tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ilianza kazi. Majuma ya mwanzo yalikuwa magumu. Wagonjwa wengi walifika hospitalini na kukuta majina yao hayasomeki, na baadhi ya hospitali zilidai fedha taslimu kwa kuwa mfuko wa zamani ulikuwa bado unadaiwa. Waliopata taabu kuliko wote ni wenye matibabu yasiyongoja, kama wale wanaosafishwa damu kwa ajili ya figo.

Chini ya mamlaka hiyo imo mifuko mitatu, na mwenye kutaka kumsaidia mzee wa Kenya lazima aitofautishe. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaolipia huduma katika zahanati na vituo vya afya. Fedha zake hutoka serikalini. Mzee hatakiwi kuchangia. Anachotakiwa ni kuwa amejiandikisha. Mfuko wa pili ni wa bima yenyewe, unaolipia hospitali kubwa, na huo ndio unaotaka michango. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mazito, ambao hutumika pale fungu la mfuko wa pili linapokwisha, nao pia hugharimiwa na serikali.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hukatwa shilingi 1,100. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake kwa maswali juu ya nyumba, maji, mifugo na mambo kama hayo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tukilinganisha na zile 500 za zamani, mzee fukara amepunguziwa. Lakini asiyeajiriwa hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, ambayo kwa kiwango cha chini ni shilingi 3,600. Kwa mtu anayepata fedha zake kidogo kidogo, kulipa mara moja ni mlima, na ndiyo sababu mwaka 2025 ukaanzishwa mpango wa mkopo unaoitwa Lipa SHA Pole Pole. Kwa wale wasiojiweza kabisa, sheria inaitaka serikali iwalipie. Mwezi Oktoba 2025 serikali ilianza kuwalipia kundi ililotangaza kuwa la watu milioni 2.2.

Basi turudi kwa sajini wetu mwenye miaka 72 wakati SHA ilipoanza. Hana mwajiri, kwa hiyo yumo katika kundi la wanaopimwa uwezo na kulipa kwa mwaka. Akiwa amejiandikisha, kidonge chake cha shinikizo la damu anaweza kukifuata katika zahanati au kituo cha afya bila mchango. Lakini akivunjika nyonga na kupelekwa hospitali kubwa, mchango wa mwaka uwe umekwisha kulipwa. Kujiandikisha peke yake hakutoshi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani kuwa na namba ni kuwa na bima.

Lipo pia jambo la wazazi, ambalo linamhusu kila askari mwenye mama kijijini. Nchini Kenya makato ya mwajiriwa humhudumia yeye, mke au mume wake, na watoto wake. Hayamhudumii mama yake. Mama ni kaya nyingine, na lazima aandikishwe na kulipiwa peke yake. Wako vijana wengi wa Kenya wenye sare ambao, wakiona makato yakiongezeka kwenye hati ya mshahara, huamini kwamba nyumbani nako kumekwisha kukingwa. Hugundua kosa hilo usiku, kwa simu itokayo hospitalini.

Kwa upande wa jeshi, katika miaka ya 2010 Kenya iliunda mpango wa bima ya matibabu ya Majeshi ya Ulinzi, unaoitwa DEFMIS, ambao uliwafikiria pia wastaafu wa jeshi na wategemezi wao, na mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya maveterani wa kijeshi. Jambo hili lina sababu. Wapiganaji wengi hustaafu mapema kuliko watumishi wa ofisini, na miaka kati ya kuvua sare na kufa huwa mingi. Aidha, mwezi Desemba 2024 sheria za kodi za Kenya zilirekebishwa ili mfanyakazi anayeweka akiba katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu apewe nafuu ya kodi kwa michango isiyozidi shilingi 15,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba serikali imeanza kukubali jambo ambalo historia ya tangu 1966 imelifundisha: bima ya mzee hutengenezwa wakati angali kijana.

Ili tusidhani kwamba njia ya mshahara ndiyo pekee, tumtazame kwa ufupi jirani mwingine, Rwanda. Huko jaribio la bima za jamii lilianza mwaka 1999 katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, na likawekewa sheria mwaka 2007. Watumishi wa serikali walipewa bima yao mwaka 2001, na wanajeshi yao kwa sheria ya mwaka 2005. Lakini kwa mwananchi wa kijijini mchango haukuhesabiwa kwa mshahara bali kwa kichwa, kwa mwaka, kijana kwa mzee. Toka mwaka 2011 viwango vilikuwa faranga 2,000 kwa maskini, wakilipiwa na serikali na wafadhili, 3,000 kwa watu wa kawaida, na 7,000 kwa wenye uwezo. Kaya yote ilitakiwa kulipiwa pamoja, bibi akiwa humo. Njia hiyo nayo ina taabu zake za kukusanya na kupima nani ni maskini. Lakini ina faida moja: mtu hatoki katika bima kwa kutimiza umri, kwa sababu hakuiingia kwa ajira.

Na sisi je? Hapa Tanzania Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Uliwaruhusu wanachama kuandikisha wategemezi wanne, na wazazi waliweza kuwa miongoni mwao, jambo ambalo jirani zetu hawakuwa nalo. Sera ya wazee ya mwaka 2003 ilielekeza kwamba wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo safari tuliyoieleza ya Kenya si ya kuitazama kutoka ng'ambo ya mpaka kama sinema. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Ndugu askari, yapo maswali manne ambayo sajini wetu wa mfano angeyauliza mapema, yasingemkuta aliyoyapata. Kwanza, siku nitakapostaafu, bima yangu inakoma siku hiyo, baada ya miezi, au inaendelea? Jibu la swali hili litafutwe kwa afisa utumishi, kwa maandishi, miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Pili, kama nitatakiwa kujilipia, ni kiasi gani, kwa mwezi au kwa mwaka, na nikikosa nini kitatokea? Fungu hilo litengwe katika kiinua mgongo kabla ya bati na matofali. Tatu, bima yangu inamhudumia nani? Majina ya wategemezi yasomwe moja moja, maana mama asiyeandikwa hana bima hata kama mwanawe ni kamanda. Nne, bima inalipia wapi na nini? Mzee mwenye kidonge cha kila siku yampasa ajue kama kidonge hicho kinalipiwa katika zahanati ya jirani au lazima asafiri.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya serikali na wataalamu, si ya askari. Ni kweli kwamba serikali ndiyo inayotunga sheria, na kwamba hakuna mzee awezaye kujijengea bima ya taifa peke yake. Mwaka 2019, Wakenya walipohesabiwa, waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7 kati ya milioni 47.6. Wazee hao hawakuhitaji hotuba. Walihitaji fedha iliyochangwa na vijana milioni nyingi, kwa ahadi kwamba vijana hao nao watachangiwa zamu yao itakapofika. Ahadi hiyo ndiyo inayofanya makato yavumilike. Ikivunjwa mara moja, kijana wa kesho atakataa kuchanga, na atakuwa na sababu.

Lakini sheria njema nayo huhitaji mtu anayeijua. Katika miaka yote tuliyoipitia, kila mara ulipofunguliwa mlango, waliouingia walikuwa wale waliopata habari. Askari anayetoka likizo kwenda kijijini ni mmoja wa watu wachache huko wanaosoma tangazo la serikali na kulielewa. Anaweza kumsaidia baba yake kujiandikisha, kumlipia mama yake, na kumweleza jirani mstaafu kwamba namba si bima. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na haihitaji cheo.

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu juu ya nchi jirani yamefikia mwisho kwa leo. Kama wewe ungali kazini, tafuta jibu la swali la kwanza kabla ya mwezi huu kwisha.